Jembe Tumewapa, Daftari Tumelificha

Mfanyabiashara hodari kuliko wote katika shule ya msingi niliyosoma, wilayani Kongwa, alikuwa mwalimu wetu wa Uraia. Tulimwita Madam, basi. Kila asubuhi alikuja na ndoo nyeupe ya maandazi, na ndani ya mkoba wake mlikuwa na vipakiti vya ubuyu na karanga za kukaanga. Madam alijua mambo ambayo hayakuwa kwenye kitabu chochote cha kiada. Alijua kwamba Jumatatu mifuko ya watoto huwa mikavu, kwa hiyo siku hiyo ndoo ilikuja nusu. Alijua kwamba kesho yake baada ya mnada baba zetu wanakuwa wameuza mbuzi na mama zetu wamebaki na chenji, kwa hiyo siku hiyo ndoo zilikuwa mbili. Alijua nani anakopesheka na nani haaminiki hata kwa andazi moja. Madeni yetu aliyaandika kurasa za mwisho za daftari lake la maandalio ya somo, jina na idadi, na ukilipa alikukata kwa kalamu nyekundu, ileile aliyosahihishia majaribio.

Nyuma ya madarasa, wakati huohuo, lilikuwepo shamba la alizeti la shule. Tulililima sisi. Tulipanda mvua za Desemba zilipoanza (tuliokaa karibu tuliitwa hata likizo), tukapalilia Januari na Februari, na Juni tukapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo juu ya maturubai mpaka viganja vikaota malengelenge. Kisha likaja trekta lenye tela, magunia yakaondoka. Asubuhi yake mstarini mwalimu mkuu akatangaza idadi ya magunia, tukapiga makofi ya kilo. Nilikaa pale miaka saba. Mpaka leo sijui gunia moja liliuzwa shilingi ngapi, nani alilinunua, wala fedha zilifanya kazi gani.

Shule moja, biashara mbili. Yenye daftari ilikuwa ya mwalimu, yenye jembe ilikuwa yetu.

Nayakumbuka haya kwa sababu neno ujasiriamali limerudi shuleni kwa kishindo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024, imefungua mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, katika sekondari sambamba na mkondo wa jumla, na Elimu ya Biashara sasa ni somo la lazima kwa wanaoanza Kidato cha Kwanza. Ni hatua ya maana, na siandiki kuibeza. Shaka yangu ni kwamba tunaweza kubadilisha mtaala, tukachapa vitabu, tukafundisha walimu, halafu tukaendelea kufanya kilekile tulichofanyiwa sisi: mtoto anafanya kazi, mtu mzima anafanya biashara.

Nimehudhuria mahafali ya kutosha hapa Dodoma kuujua utaratibu. Karibu na hema kuu huwekwa meza yenye kitambaa. Juu yake kuna sabuni ya maji kwenye chupa zilizokuwa za maji ya kunywa, batiki mbili tatu, trei ya mayai, na pembeni wanafunzi wawili waliokariri maelezo. Mgeni rasmi anafika, anasikiliza, anaishika sabuni, anauliza bei kwa adabu, anatoa noti ya elfu kumi na kusema chenji ibaki. Vigelegele. Picha. Mimi hapo ndipo ninapoiona biashara ikizikwa. Watoto wale wametoka kujifunza kwamba bei hupangwa na huruma ya mkubwa, na kwamba mteja ni mtu anayekuja mara moja kwa mwaka na msafara wa magari. Mama wa Majengo anayenunua sabuni ya vyombo kila wiki, anayeibana elfu moja yake, anayeifungua chupa akainusa, anayeuliza mbona ya safari hii haina povu kama ile ya juzi, huyo hawajawahi kukutana naye. Na yeye ndiye soko. Wanajua kuchanganya salfoniki na chumvi na rangi. Waulize lita moja imewagharimu kiasi gani, watamtazama mwalimu wa mradi.

Tunapenda kusema kwamba haya yote yalianza na Mwalimu Nyerere, na ni kweli, lakini tunamsingizia nusu. Elimu ya Kujitegemea ilitoka Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, na kila aliyesoma Tanzania anakumbuka sehemu moja tu: kila shule iwe na shamba. Wachache wanakumbuka sehemu ya trekta. Katika andiko lile Nyerere alitaka wanafunzi wenyewe washiriki katika uamuzi, na mfano aliotoa ni huu: fedha waliyoipata shambani waitumie kukodi trekta la kuandaa shamba, au walime kwa nguvu zao wenyewe na fedha hiyo wafanyie jambo jingine shambani au shuleni? Alitaka pia waone kwamba wakilima vizuri watakula vizuri na bweni lao litakuwa bora, na wakilima ovyo wataumia wao.

Tazama swali la trekta kwa makini, maana ndani yake mna Elimu ya Biashara ya miaka minne. Kukodi trekta ni gharama. Jasho nalo ni gharama, ingawa halitolewi risiti. Muda una thamani, maana ukichelewa kupanda Dodoma mvua haikusubiri. Na fedha ikishatumika kwa jambo moja haipo tena kwa jingine. Mtoto wa darasa la sita anaweza kulijadili swali hilo saa nzima kama atapewa tarakimu. Sisi hatukupewa tarakimu. Kati ya andiko na utekelezaji, jembe lilifika shuleni salama, swali la trekta likapotelea njiani. Baadaye ikawa mbaya zaidi, shamba likageuka adhabu: aliyechelewa akalime tuta tatu, aliyepiga kelele akamwagilie. Ukishamfanya mtoto aone kilimo kama kifungo, usishangae akikua akikimbilia kuuza vocha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Shuleni kwetu mali haikupotea bila habari kabisa, habari zilikuwepo, ila zilikaa ofisini.

Sasa nifanye hesabu, kwa sababu hoja hii isipopigiwa hesabu inabaki kuwa maneno ya kanga. Chukua mradi unaopendwa kuliko yote, kuku wa nyama. Bei ninazoweka ni za mfano, kila mmoja abadilishe kwa bei ya mtaani kwake. Vifaranga 100 kwa shilingi 1,500 ni 150,000. Chakula mpaka wauzike, tuseme mifuko 7 ya kilo 50 kwa 75,000, ni 525,000. Chanjo, maranda, mkaa wa kuwapa joto wiki za mwanzo na nauli, weka 60,000. Jumla 735,000. Wakifa 8 njiani, jambo la kawaida kabisa, unabaki na 92. Ukiuza kila mmoja 8,500 unapata 782,000.

Mwalimu mkuu atasimama mstarini na kutangaza kwamba mradi wa kuku umeingiza shilingi laki saba na themanini na mbili elfu. Makofi ya kilo. Lakini faida ni 47,000, na hapo banda hatujalihesabu, wala mtoto aliyeamka saa 11 kuwasha jiko. Kideri kikipita, au baridi ya Juni, wakafa 10 zaidi, mauzo yanashuka hadi 697,000 na mradi una hasara ya 38,000. Yaani kati ya kufurahi na kulia kuna kuku 10 tu, na ukitaka kuwa makini zaidi, kuna kuku 6, maana ukipoteza 6 juu ya wale 8 unauza 86 kwa 731,000, tayari umeingia hasara ya elfu nne. Hiki ndicho kitu ambacho mwanafunzi anapaswa kukijua kwenye mifupa yake kabla hajamaliza shule: tofauti ya mauzo na faida, na jinsi faida ilivyo nyembamba. Ni hesabu ya kujumlisha na kutoa. Lakini shule ikitangaza mauzo peke yake, mtoto anaondoka akiamini kwamba kufuga kuku 100 ni kupata laki saba. Akifika mtaani, akakopa, akafuga, akapata elfu 47, ataamini amelogwa. (Kuna kuku wengine katika hesabu hii sijawataja, kuku wa wageni. Nitawarudia.)

Hapa Kanda ya Kati jambo lina ugumu wake, na miongozo inayoandikwa kwa nchi nzima haiwezi kuujua. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba mpaka Aprili kwa mwaka mzuri, na kiasi chake ni kama milimita 500 hadi 600 tu. Bustani ya mchicha ya shule ya Lushoto na bustani ya mchicha ya shule ya Bahi zina jina moja, lakini ni biashara tofauti kabisa, kwa sababu ya Bahi inanunua maji, ama kwa fedha ama kwa migongo ya watoto wanaobeba madumu. Kisha kalenda: alizeti inakomaa shule zinapokaribia likizo ya Juni, wakati ambao kila mkulima kuanzia Mpwapwa mpaka Iramba naye anavuna na bei imelala chini. Shule inauza haraka kwa sababu watoto wanaondoka, stoo haina mlango wa maana na mwalimu mkuu anadaiwa. Kwa maneno mengine, inauza wakati mbaya kuliko wote, kila mwaka, na hakuna mwanafunzi anayeulizwa: je, tukisubiri mpaka Oktoba? Tukikamua wenyewe, tukauza mafuta, mashudu tukalisha wale kuku wetu, mfuko wa chakula utashuka bei kwa kiasi gani? Maswali haya ni matamu, yanafundishika, na majibu yake hayafanani mwaka hata mwaka.

Au zabibu. Shule za Mpunguzi, Hombolo na Mbabala zimezungukwa na mashamba ya zabibu, na mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mzabibu una sifa moja ambayo mchicha hauna: unamlazimisha mtoto kungoja. Ukipanda akiwa Kidato cha Kwanza, mavuno ya maana atayaona akikaribia Kidato cha Tatu. Halafu akishavuna anakutana na somo gumu zaidi, kwamba zabibu za mvinyo huwezi kuzipeleka Soko la Majengo ukazipanga kwenye sinia kama nyanya. Zinahitaji mwenye kiwanda, viwanda ni vichache, na tunda halingoji. Wakulima wa hapa wamezoea misimu ya kuona zabibu zikikaukia shambani kwa kukosa mnunuzi. Mwanafunzi aliyekaa na baba yake akijadili apeleke kwa nani, kwa bei gani, alipwe lini, ana elimu ya mikataba kuliko aliyekariri aina tano za masoko. Hata pale Kibaigwa, kwenye soko la mahindi lililo kando ya barabara ya Morogoro, darasa zima la Hisabati lingeweza kukaa asubuhi moja likijifunza lumbesa: gunia lililofumwa juu likavimba kama tumbo la mjamzito, linalipwa kama gunia moja. Mkulima amepunjwa kilo ngapi? Zidisha kwa magunia 40. Sijawahi kuliona swali hilo kwenye mtihani, na ningependa sana kuliona.

Kuna kisa kimoja ambacho sielewi kwa nini hakifundishwi hapa kwetu kila mwaka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja Kongwa kulima karanga. Ilikuja na mpango wa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 za Afrika Mashariki na Kati, nyingi zikiwa Tanganyika, na ikaleta mitambo ya kila namna, mingine ikiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama sakafu ya saruji, majembe yakavunjika. Mvua haikuja kama ilivyoandikwa kwenye makaratasi. Mibuyu ikagoma kung'oka. Kufikia mwaka 1951 mradi ulifungwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimefukiwa. Wale watu walikuwa na mtaji, mitambo na wataalamu. Hawakuwa na shamba dogo la majaribio, na hawakumsikiliza vya kutosha Mgogo aliyekuwa akichunga pale na kujua mvua inatoka upande gani. Mtoto wa Kongwa anaweza kupata alama A ya Elimu ya Biashara bila kuambiwa kwamba mojawapo ya hasara mashuhuri za kilimo za karne ya 20 ilitokea anapochungia ng'ombe wa baba yake. Tungeanzia hapo, tungekuwa tumemfundisha jambo ambalo semina nyingi za uhamasishaji hulikwepa: biashara hufa, na ikifa kuna sababu zinazoweza kuandikwa.

Niseme sasa upande wa pili, maana nao una uzito. Wazazi wengi hawapendi habari hizi. Mama mmoja wa Chang'ombe aliniambia, kwa ukali kidogo, kwamba yeye anauza vitumbua ili mwanawe asiuze vitumbua. Sikuwa na jibu la haraka. Tena utafiti unampa nguvu. Mwaka 2011 shirika la Femina Hip lilirusha kwenye televisheni kipindi kiitwacho Ruka Juu, vijana wakishindana kwa biashara zao kwa muda wa karibu miezi mitatu. Watafiti wakafuatilia wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari, kundi moja likiwa limehamasishwa kukitazama. Waliohamasishwa walipata hamu ya kuwa wajasiriamali, na baada ya miaka miwili wengi zaidi miongoni mwao walikuwa wameanzisha biashara. Hadi hapo vigelegele. Lakini matokeo yao ya shule yalishuka, na walioendelea na masomo walikuwa wachache kuliko wa kundi lingine.

Matokeo hayo yamenisumbua, na sidhani yanapaswa kufunikwa. Nionavyo mimi, na hapa ni maoni yangu, si ya watafiti, hamu ya biashara ikipandwa peke yake inamwonyesha mtoto mlango wa kutokea darasani. Anamwona kijana mwenzake kwenye kioo ana kibanda na mtaji, anajiuliza logarithi ni za nini. Lakini hesabu ya kuku niliyoipiga pale juu ni ya darasani kabisa: ni asilimia, ni grafu, ni sentensi fasaha ya kumwandikia mteja aliyechelewa kulipa. Mradi unaofanyika saa za masomo na kutoa jasho tu utashindana na shule na kuishinda. Mradi ambao kazi yake kubwa iko kwenye daftari unafanyika ndani ya shule. Nakiri kwamba hapa nina imani kuliko ushahidi.

Lugha nayo. Mwanafunzi wa sekondari anasoma Elimu ya Biashara kwa Kiingereza, kisha anatoka kwenda kuuza kwa Kiswahili kwa mama aliyekulia lugha ya Kigogo. Nimemsikia kijana akitoa tafsiri safi ya mtaji kwa Kiingereza, kisha akashindwa kumweleza bibi yake kwa nini asile mtaji. Nisiingie zaidi, mjadala wa lugha ya kufundishia ukianza hauishi leo.

Wala sisemi watoto waachwe watembeze mayai ya kuchemsha stendi usiku. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomharibia masomo wala afya, na inakataza kumfanyisha kazi usiku. Kuna waungwana wanaolitumia neno ujasiriamali kupaka rangi kitu ambacho jina lake ni utumikishaji, na baadhi yao wana ofisi zilizo ndani ya uzio wa shule.

Lakini tuwe wa haki kwa walimu wakuu pia, kwa sababu hapa ndipo mzizi ulipo. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, shule haiwezi kuchangisha wazazi kiholela kama zamani, na ruzuku inayotambulika ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Shule ya msingi yenye watoto 600 ina milioni 6 kwenye karatasi, na humo mna vitabu, chaki, mitihani, ukarabati, na kitasa cha choo kilichovunjika jana. Mwalimu mkuu akiona ekari nne za shule na mikono 1,200, atafanya nini? Atalima. Mimi ningelima. Shamba lile ni bajeti, na bajeti haitaki majaribio ya mtoto wa miaka 15 anayetaka kusubiri bei ya Oktoba.

Ndiyo maana naona vitu viwili hivi vitenganishwe, hata kwa kamba na vigingi. Shamba la shule liitwe jina lake, chanzo cha mapato, lisimamiwe na watu wazima na kamati ya shule, na mapato na matumizi yake yabandikwe ukutani kama ratiba ya vipindi inavyobandikwa. Pembeni yake pawe na mradi wa wanafunzi, mdogo kiasi kwamba ukifa hakuna anayekosa chaki. Vifaranga 30. Ndoo mbili za sabuni. Robo eka ya vitunguu. Mtaji uwe mkopo wa shule kwao, si zawadi, wenye tarehe ya kurudishwa. Waamue wao wauze nini, kwa nani, lini, na mwalimu aruhusiwe kukaa kimya hata akiona wanaelekea kubaya, jambo ambalo kwa mwalimu wa Kitanzania ni mtihani kuliko wa Taifa. Wakipata hasara waandike kwa nini, na maandishi hayo yapewe alama. Najua ugumu: walio chini ya miaka 18 hawawezi kukopa popote kwa jina lao, na simu shuleni ni marufuku, kwa hiyo hata kupokea malipo ya mteja lazima kupitie mtu mzima. Basi mtu mzima huyo asaini kwenye daftari lao kila anapopokea. Si ombi kubwa.

Soko lipo. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu milioni 2 na kidogo kwenye sensa ya 2012; sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni 3. Wizara zimehamia Mtumba, treni ya umeme inashusha watu kila siku, na wote hao wanakula mayai. Nenda Ng'ong'ona jioni uone wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma: bumu, yaani fedha ya mkopo wa kujikimu, likiingia, mmoja amenunua viatu vya mtumba anauza bwenini, mwingine anasuka rasta kwa bei inayobadilika kulingana na siku zilizobaki kabla ya mtihani. Hakuna aliyewafundisha. Wengi huanguka muhula wa kwanza, wakakaa na njaa wiki mbili, wakarudi wakiwa wamejua nani asikopeshwe. Ni shule nzuri ila ada yake ni kubwa, na wangeweza kuimaliza wakiwa na miaka 15, kwa hasara ya elfu nne, si ya bumu zima.

Niliahidi kuwarudia kuku wa wageni. Mwaka jana niliitembelea shule moja ya sekondari wilayani Chamwino, ambako kikundi cha Kidato cha Pili kilikuwa kimeachiwa banda lake. Mhasibu wao alikuwa binti mfupi mwenye daftari la gamba la bluu, kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula. Nikaanza kulisoma: vifaranga, chakula, chanjo, vifo, tarehe kwa tarehe. Nikafika mahali pameandikwa, kwa mwandiko uleule uliotulia: "Kuku 3, wageni wa ukaguzi, 25,500." Nikamuuliza kama mwalimu mkuu ameliona hilo. Akasema ameliona, na alimwomba alifute kwa sababu wageni ni wa shule nzima. Nikamuuliza, sasa ulifanyaje?

"Shikamoo yake nilimpa," akasema, kisha akafungua kurasa mbili mbele na kuniwekea kidole. Juu palikuwa pameandikwa WADAIWA kwa herufi kubwa. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja tu, ofisi ya mkuu wa shule, 25,500, na nafasi ya tarehe ya kulipa ilikuwa bado wazi.